Jibu la Swali la Sita

Bwenini,
Jumapili mchana

Kwako Mama,

Shikamoo. Ninakuandikia nikiwa kwenye kitanda cha juu, miguu inaning'inia, daftari la jiografia ndilo meza yangu. Mimi sijambo. Kifua kimepona, na lile sweta ulilong'ang'ania nilibebe nimelivaa kila asubuhi, kwa hiyo wewe ulikuwa sahihi na mimi nilikuwa mbishi. Goti lako linaendeleaje? Bado linakusumbua ukishuka ngazi, au limetulia? Na Kitindamimba ameacha kulala na viatu vyake vipya? Mwambie dada yake anamuuliza, na kwamba viatu akiviacha mlangoni haviendi popote usiku.

Mama, kuna jambo ambalo sijapata kumwambia mtu yeyote. Sehemu yake moja Daktari niliyemfanyia kazi wakati wa likizo anaijua, kwa sababu ilibidi aijue. Iliyobaki hakuna anayeijua ila mimi, na nadhani na wewe, ingawa hujawahi kuitaja. Ijumaa hii inayokuja Daktari atakupigia simu kukuuliza kama fomu yako ibaki katika utafiti wake au iondolewe. Atakueleza kwamba kuna mtu aliisoma kinyume cha ahadi mliyopewa. Mtu huyo ni mimi. Nilimwomba aniachie nikuambie kwanza, akakubali, akasema wiki mbili zinatosha kwa barua kufika na kwa mtu kuisoma mara mbili. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujakasirika. Ukishafika mwisho, kasirika kadiri utakavyo.

Unakumbuka nilivyoipata ile kazi ya likizo. Mkutubi wa maktaba ya chuo, yule anayenitoa kila jioni kwa kuzimazima taa, alimwambia Daktari kwamba kuna msichana wa sekondari haongei lakini hakosei. Daktari akasema huyo ndiye anayemtafuta. Nilipokuletea habari hizo ulicheka mpaka ukaiweka pasi chini, ukasema hatimaye dunia imepata kazi ya watu wanyamavu. Kisha ukauliza huyo daktari anatibu nini, nikakuambia hatibu kwa dawa, yeye ni wa saikolojia ya ushauri nasaha, anazungumza na watu na kuchunguza kinachowafanya waishi vizuri au vibaya na nafsi zao. Ukasema daktari asiye na sindano ni kama duka lisilo na mizani. Nilimsimulia utani huo siku ya pili kazini, akaupenda, akauandika kwenye daftari lake.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja mwisho wa korido: dirisha linalotazama maegesho ya baiskeli, kompyuta mbili zilizopeana mgongo, na kabati la chuma ambalo ufunguo wake Daktari aliuvaa shingoni kama mkufu. Kazi yangu ilikuwa kuingiza fomu kwenye kompyuta. Fomu zilijazwa na wafanya usafi wa majengo mbalimbali, na kila moja ilikuwa na namba badala ya jina; orodha ya majina na simu zao ilifungiwa kwenye kabati lile. Daktari alinieleza anachotafuta, na nilikuhadithia kidogo tu kwa sababu ulikuwa umechoka siku hiyo. Alitaka kujua kwa nini watu wawili wanaweza kufanya kazi ileile katika jengo lilelile, mmoja akarudi nyumbani bado ni yeye, na mwingine akawa kama ameisahau nafsi yake kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alisema watu wakiona mfanyakazi ana huzuni humwambia ajikaze, ilhali uchungu mwingine haukutoka kichwani mwake. Umepangwa katika jengo: mlango wa nyuma, lifti ya mizigo, chumba kisicho na kiti, na watu mia tatu wanaopita kila siku bila salamu. Akataka pia kujua kama mtu anayeheshimiwa nyumbani huweza kuvumilia kutoonekana kazini. Mimi nilisikiliza nikiwa nimeinamia fomu zangu, nisimtazame usoni. Nilikuwa na sababu, na nitaifikia.

Kila fomu iliingizwa mara mbili. Mimi niliiingiza kwanza, kisha mwanafunzi wake mmoja wa shahada ya pili akaiingiza tena upande wake bila kuona nilichoandika. Yeye nilimwita Kaka Mashine, kwa sababu huandika bila kutazama vidole huku akitafuna karanga na kubishana na redio. Kila Ijumaa kompyuta ililinganisha kazi yake na yangu. Tukitofautiana mahali, tulifungua karatasi yenyewe kuona nani kakosea. Wiki mbili za kwanza nilikosea mara moja tu, yeye mara kumi na moja, basi akaanza kuniita Bi Mkamilifu na kuuliza kama nyumbani kwetu huwa tunakula rula.

Kulikuwa na sheria mbili ambazo Daktari alinisomea siku ya kwanza nikazitia sahihi. Ya kwanza, hatufuti. Ukikuta kosa kwenye karatasi ya kumbukumbu, unachora mstari mmoja juu yake, ili lile la zamani liendelee kusomeka, unaandika lililo sahihi pembeni, unatia sahihi na tarehe. Alisema mtu akifuta, anayekuja nyuma yake hawezi kujua kama alisahihisha au alificha. Ya pili, ukimtambua mwenye fomu, acha kusoma papo hapo, ifunge, iweke kwenye trei ya buluu, na usiseme ni nani. Hakuna atakayekuuliza. Nilizielewa zote mbili. Siwezi kusema sikuzielewa.

Jumatano ya wiki ya mwisho nilifungua fomu namba mia mbili na kumi na saba.

Hukuniambia kwamba uliijaza, Mama. Ile kalamu ya kijani iliyokuwa kwenye kikombe cha mswaki nilidhani umeiokota ofisini kwa mtu, kumbe ndiyo waliyowagawia mjazie fomu. Katika nafasi ya kazi ulikuwa umeandika, Usafi, ghorofa ya sita mpaka ya tisa. Kwenye miaka ya kazi ukaandika, Kumi na moja, na likizo mbili. Saba uliyoiandika kwenye tarehe ilikuwa na kamkanda kiunoni, saba ileile iliyo kwenye orodha ya vitu vya dukani uliyoibandika kabatini. Na pale walipouliza kama msimamizi wako analijua jina lako, ulizungushia namba, halafu kwa penseli ukaongeza pembeni, Anajua namba ya ndoo yangu. Fomu mia mbili na kumi na sita kabla ya hiyo, hakuna aliyekuwa amejibishana na karatasi. Nilijua ni wewe kama ambavyo ningejua kikohozi chako gizani.

Trei ya buluu ilikuwa karibu na kiwiko changu. Kaka Mashine alikuwa ametoka kwenda kujaza chupa ya maji. Nilipaswa kuifunga, Mama, na niliishika kwa nia ya kuifunga. Badala yake nikageuza ukurasa.

Sehemu ya tatu ilihusu nyumbani. Mpaka siku hiyo nilikuwa sisomi maswali, nilikuwa naingiza namba tu: mbili, nne, nne, moja, kama mtu anayepanga vifungo. Kwako nikayasoma. Swali la nne lilisema, Watu wa nyumbani kwangu wanajivunia kazi ninayofanya. Ulizungushia moja. Swali la tano lilisema, Nikirudi nyumbani nahisi kwamba naonekana. Ulizungushia moja. Swali la sita lilisema, Kuna mtu wangu wa karibu anayeona aibu kwa sababu ya kazi yangu. Hapo ulizungushia tano, na kwa penseli ukaandika maneno mawili: Bado mtoto.

Katika sehemu mbili za mwanzo, moja ilimaanisha si kweli hata kidogo, na tano ilimaanisha kweli kabisa. Kwa hiyo nilisoma hivi: kwamba nyumbani hakuna anayejivunia kazi yako, kwamba ukirudi huonekani, na kwamba yuko mtu anayekuonea aibu, kweli kabisa, naye bado mtoto. Nyumbani kwetu tuko watatu. Kitindamimba ana miaka sita, naye humwambia kila anayeingia mlangoni kwamba mama yake hung'arisha jengo refu kuliko yote. Sikuhitaji kujumlisha.

Sijui kama niliwaza sana. Nilichofanya ni kwamba mikono ilikuwa juu ya vitufe, na penye moja ya kwanza nikaandika tano, penye moja ya pili nikaandika tano, na penye tano nikaandika moja. Karatasi sikuigusa. Nilijiambia kwamba wewe ni mmoja kati ya watu mia nne, kwamba hakuna atakayeumia, kwamba nakupa angalau kwenye kompyuta kile nilichokunyima nyumbani. Nikaifunga fomu nikaiweka kwenye rundo la kawaida, na trei ya buluu ikabaki tupu. Kaka Mashine aliporudi aliniuliza kama nimeona jini. Nikamwambia ni macho, skrini inaumiza.

Jioni ile uliniuliza kazi ilikuwaje, nikasema nzuri. Ulikuwa umeweka mguu juu ya stuli, taulo la moto gotini, na Kitindamimba anakuhesabia vidole. Nilikutazama nikiwaza, huyu mtu haonekani akirudi nyumbani. Nikaosha vyombo vyote bila kuambiwa, mpaka ukauliza nimevunja nini.

Ijumaa kompyuta ikalinganisha. Nilikuwa nimesahau, Mama, na hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Mimi ambaye hukumbuka namba ya ukurasa niliouachia kitabu, nilisahau kwamba kila nilichoandika kingeandikwa tena na mtu wa pili. Karatasi ya tofauti ikatoka kwenye printa, na Kaka Mashine akaichukua na kuanza kusoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Alisema jamani, leo Bi Mkamilifu amesinzia, fomu moja makosa matatu, tena maswali yaliyofuatana, nne, tano, sita. Akasema ataipiga picha aitundike ukutani. Daktari alikuwa mezani kwake anakula chungwa. Akafuta mikono, akaja na ile fomu, akaifungua katikati yetu kama sheria inavyotaka, na akaniomba nisome kilichoko kwenye karatasi.

Nikasoma: moja, moja, tano. Kaka Mashine akasema ndivyo alivyoandika yeye. Daktari akanitazama, akasema haya, makosa hutokea, ila haya ni ya ajabu kidogo, umegeuza kila jibu kichwa chini. Kisha, kwa kuwa ndivyo afanyavyo penye tofauti yoyote, akarudisha ukurasa mmoja nyuma na kuniomba nimsomee maelekezo ya sehemu ya tatu.

Maelekezo hayo, Mama, yalikuwa yameangukia chini kabisa ya ukurasa wa tatu, na maswali yakaanzia juu ya ukurasa wa nne. Mimi, kwa haraka zangu za mwizi, sikuwa nimeyatazama. Nikayasoma kwa sauti. Yalisema: Katika sehemu hii, moja ni kweli kabisa, na tano ni si kweli hata kidogo.

Nikayasoma tena kimoyomoyo. Daktari akaeleza, akidhani nashangaa tu, kwamba waligeuza mizani makusudi katika sehemu hiyo ili kuwanasa watu wanaojaza bila kusoma. Akasema mwenye fomu hii ni msomaji makini, hajanaswa hata mara moja.

Kumbe aliyenaswa ni mimi. Wewe ulisema kwamba nyumbani tunajivunia kazi yako, kweli kabisa. Ulisema ukirudi unaonekana, kweli kabisa. Na pale walipouliza kama kuna mtu wako anayeona aibu, ulisema si kweli hata kidogo. Mimi nilikuwa nimekuonea huruma kwa maneno ambayo hukuyasema, na katika huruma yangu nikakugeuza mwanamke asiye na mtu.

Nilianza kucheka, kicheko kibaya cha puani, halafu sijui kiligeuka kilio saa ngapi. Kaka Mashine aliacha kutafuna. Nadhani alifikiri ni utani wake, maana alianza kusema kwamba hatatundika chochote ukutani, anatania tu, hata yeye aliwahi kuingiza umri wa mtu kama mia nne. Daktari akamwambia akatembee kidogo. Akafunga mlango, akavuta kiti akaketi upande wangu wa meza. Wewe ungempenda kwa hilo. Hakuniuliza nina nini. Alinimenyea nusu ya chungwa lililobaki akaiweka mbele yangu.

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba ninamjua mwenye fomu, kwamba niliendelea kusoma, kwamba sikukosea bali nilibadilisha. Sikumwambia ni nani, nikikumbuka ile sheria kwa kuchelewa, lakini sidhani kama alihitaji kuambiwa. Nilingoja anifukuze. Aliuliza kama nimebadilisha nyingine yoyote. Nikasema hapana. Akasema anapenda kuniamini, ila hawezi kuweka utafiti wa watu mia nne juu ya kupenda kwake, kwa hiyo zote nilizoingiza zitaingizwa upya na mtu mwingine. Alilisema bila hasira, kama mtu anayesema mvua imenyesha kwa hiyo nguo zianikwe ndani. Niliona aibu, lakini pia niliona nimetua mzigo, kwa sababu alinieleza kosa langu lina ukubwa gani hasa. Mpaka hapo lilikuwa halina mwisho.

Kisha akasema jambo la pili. Akasema mwenye fomu aliahidiwa kwamba hakuna anayemjua atakayesoma majibu yake, na ahadi imevunjwa, kwa hiyo mwenye fomu lazima aambiwe, naye ndiye atakayeamua. Huwezi kumlinda mtu, alisema, kwa kumfanyia uamuzi akiwa hayupo. Hapo ndipo nilipoomba nikuambie mimi. Aliniuliza kama nitaweza. Nikasema kwa mdomo sitaweza, kwa barua nitaweza. Akasema barua ni mdomo pia.

Mchana huo sikugusa fomu tena. Nilibandika lebo kwenye maboksi mpaka saa kumi. Kaka Mashine, ambaye sasa ana kazi ya kulinganisha upya fomu zangu zote, alinipitia mlangoni na mfuko wa karanga, akasema nimemharibia mwezi mzima na kwamba bado mimi ndiye Bi Mkamilifu, ila sasa wa daraja la pili. Nilicheka kweli safari hii.

Jumamosi nilijaribu, Mama. Ulikuwa unapiga pasi sare yangu, ukauliza, Bi Kitabu, leo umemeza ulimi? Nilifungua mdomo mara tatu. Ya tatu nikaomba sindano ya kushonea kifungo ambacho hakikuwa kimekatika. Jumapili iliyopita nikapanda basi kurudi shule.

Sasa nafika kwenye lile ambalo hata Daktari hakuambiwa.

Jibu lako la swali la sita si sahihi.

Muhula uliopita darasa letu lilipelekwa kutembelea majengo makubwa ya jiji kwa somo la jiografia. Ratiba ilibandikwa asubuhi ileile, na nilipoona jina la jengo lenu nikaanza kuhesabu ghorofa. Nilijiambia jengo lina ghorofa kumi na nne, na wewe una nne tu, na lifti zipo. Tulipofika lifti ilikuwa inatengenezwa. Tukapanda ngazi, wanafunzi thelathini na wawili, mwalimu mbele, na kati ya ghorofa ya saba na ya nane ukawa wewe, na ndoo ya njano, na kile kibao cha kuonya watu wasiteleze.

Uliniona kabla sijakuona. Ninajua kwa sababu nilipoinua macho wewe ulikuwa tayari umeyashusha yako. Uliivuta ndoo ukutani ukatwambia wote, kwa sauti ya mtu asiyemjua yeyote, samahani wanangu, piteni taratibu, hapa pamelowa. Msichana aliyekuwa mbele yangu alishika mkono wa ngazi akasema asante, mama. Yeye ndiye aliyekuita mama siku ile. Mimi nilipita kimya. Nilitazama visigino vyake mpaka ghorofa ya nane, na nyuma yangu nikasikia ufagio wako ukianza tena.

Wewe ungesema ni haya zangu, kwamba mimi hata kwa jirani hugonga mlango kama naomba msamaha. Ni kweli kwamba mimi ni mwoga wa watu, lakini siku ile sikuwa mwoga. Nilikuwa na aibu. Hapa bwenini wasichana huulizana wazazi wao wanafanya nini kama wanavyoulizana wamesoma wapi, na mimi niko hapa kwa ufadhili, na nilikuwa nimeshamwambia kila mmoja kwamba mama yangu yuko ofisini. Nilijitetea kwamba si uongo, kwa kuwa ofisini ndiko uliko, tena kabla ya wenye ofisi. Niliogopa msichana yule akijua ataacha kunigawia nafasi kwenye benchi. Ndiyo bei niliyokuuzia, Mama, nafasi kwenye benchi.

Niliporudi nyumbani likizo ukaniuliza kama ile safari ilikuwa nzuri, na kama tulifika juu kabisa, maana juu kabisa unaona mpaka mtoni. Nikasema tulifika. Ukasema vizuri. Basi, ukaendelea kukunja mashuka.

Kwa hiyo nilipotaka kukusaidia kwenye kompyuta nikaandika moja penye swali la sita, kumbe kwa mizani ya sehemu ile nilikuwa naandika ukweli: yuko mtu wako wa karibu aliyeona aibu, kweli kabisa. Wewe ndiye uliyekosea, na ulikosea kwa ajili yangu. Uliandika Bado mtoto. Sijui ulikuwa unamwambia nani, karatasi au nafsi yako. Lakini nimekaa na maneno hayo siku kumi na moja na ninaona kwamba siwezi kuyatumia tena kama kinga. Natimiza miaka kumi na saba baada ya mitihani.

Nisamehe, Mama. Nisamehe kwa kusoma yasiyonihusu, na kwa kuyabadilisha, na zaidi kwa zile ngazi. Daktari akikupigia, mjibu unavyotaka. Ukisema fomu iondolewe, itaondolewa na hakuna atakayeuliza sababu. Ukisema ibaki, na ukitaka kubadilisha jibu la sita, nadhani atakuruhusu. Mimi ningependa kuwa nimekwisha kulifanya lile la zamani kuwa kweli kabla hujashika simu, lakini najua halifanywi kwa wiki mbili.

Nilichoweza kufanya nilikifanya juzi Ijumaa. Baada ya kipindi cha mwisho nilikwenda ofisi ya shule nikamwomba karani kadi yangu ya usajili. Alitaka kujua ya nini, nikasema kuna kitu nilikijaza vibaya. Akaitoa kwenye droo akanisukumia kalamu bila kuinua kichwa. Penye kazi ya mzazi nilikuwa nimeandika, Ofisini, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Msichana wa kwenye ngazi alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, amekuja kuomba ruhusa ya kwenda kutibiwa meno, na nilijua anaona juu ya bega langu. Nikachora mstari mmoja juu ya Ofisini, ili liendelee kusomeka. Pembeni nikaandika, Mfanya usafi, ghorofa ya sita mpaka ya tisa. Nikatia sahihi na tarehe.

Karani akaisoma, akauliza kama mama amebadilisha kazi. Nikamwambia hapana, kazi ni ileile.

Yule msichana alinifuata nje. Nilidhani atasema kitu. Aliniuliza kama ile siku ya ngazi ni wewe, nikasema ni wewe, akasema basi tulikuachia matope mengi. Nikasema ndiyo. Tukaenda kula, na kwenye benchi akasogea kama kawaida.

Siku ya wazazi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tatu asubuhi. Nimekuandikisha. Kama una zamu, nijulishe, nitaelewa. Kama huna, njoo kwa lango la mbele. Nitakuwa nimesimama pale tangu saa mbili na nusu, na nitakuita kwa sauti, hata kama wote watageuka.

Nisalimie Kitindamimba na umbusu shavu moja kwa niaba yangu. Msalimie mkutubi ukipita njia ile, mwambie taa azizime polepole. Na goti, Mama, tafadhali usilipandishe ngazi zote kwa mkupuo mmoja. Barua hii naipeleka sasa hivi kwa mlinzi wa lango, kabla gari la posta la kesho halijapita na kabla sijaisoma upya.

Wako mtoto,
Bi Kitabu